Kuwapeleka wanafunzi pwani siku ya bamvua: mwongozo kwa mwalimu

Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko ya siku nyingine, hupwa saa za masomo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hufika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, halafu hupwa tena usiku mida kama hiyo. Huwezi kukuta bamvua imepwa alfajiri wala alasiri. Maana yake ni kwamba mara mbili kila mwezi, eneo zima la mwamba, mchanga na majani ya bahari ambalo maji yakijaa hufunikwa na mita 3 au zaidi hubaki wazi, huku wanafunzi wako wapo darasani wakinakili ubaoni mchoro wa mnyama asiye na uti wa mgongo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa walimu wa sayansi na jiografia, wa msingi na wa sekondari, ambao shule zao zipo umbali wa kutembea au wa safari fupi ya daladala hadi baharini. Safari hii haidai fedha nyingi. Inadai kalenda, ruhusa, na mwalimu anayeweza kunyamaza. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na nitalirudia.

Hatua ya 1: Chagua siku

Anza na kalenda ya Kiislamu. Siku nzuri ni tarehe 1 na 2, kisha 14 hadi 16, kwa sababu maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Halafu hakikisha kwa kutumia jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe. Tafuta siku ambayo kimo cha maji ya asubuhi kinashuka chini ya mita 0.5. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo sana, na sehemu zenye viumbe wengi hubaki chini ya maji.

Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta. Kwangu mimi Septemba na Oktoba ndio wakati bora: kusi imepungua nguvu na vuli bado. Machi joto ni kali na masika yanabisha hodi. Mwezi wa Ramadhani uache, kwani mtoto aliyefunga hafai kutembezwa juani asubuhi nzima.

Kama darasa lina wanafunzi 70, usiwapeleke wote siku moja. Peleka 35 bamvua hii na 35 bamvua ijayo, wiki mbili baadaye. Kundi la pili litalinganisha lilichokiona na maandishi ya kundi la kwanza, na ulinganisho huo ni sayansi yenyewe.

Hatua ya 2: Nenda kwanza wewe, pamoja na mtu anayefanya kazi pale

Bamvua moja kabla ya safari, nenda mahali penyewe ukiwa na mvuvi, au na mmoja wa kina mama wanaochokoa pweza au kulima mwani. Watu hawa wanajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha kiada: mkondo upi hujaa nyuma ya watu kabla hawajatambua, mwamba upi una miiba, shimo lipi halikosi pweza. Mwombe aje siku ya safari pia, na umlipe kwa heshima, kwa sababu asubuhi hiyo anaacha kipato chake.

Muulize vilevile kama kuna jiwe au pango la mzimu sehemu hiyo. Kama lipo, lipitieni mbali na uwaambie wanafunzi kabla. Ugeni huo wa heshima hauipunguzii sayansi kitu.

Ruhusa zina ngazi zake: mkuu wa shule, barua kwa wazazi yenye sehemu ya kutia saini, ofisi ya kijiji au shehia, na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, mahali ilipo. Kama ufukwe umo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa mfano Mafia au Watamu, andika barua mapema, maana kuna taratibu na huenda kuna ada. Usisahau kwamba yapo maeneo yaliyotengenezwa kwa ajili ya wageni wa namna hii. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, hupokea wanafunzi, na fedha za watalii ndizo zinazogharimia elimu hiyo. Gazi, Kwale, kina mama wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na Unguja ipo nyingine karibu na msitu wa Jozani.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa

Ndoo mbili nyeupe. Nyeupe, kwa sababu kiumbe mdogo mwenye rangi ya mchanga haonekani ndani ya ndoo ya buluu.

Mti wa kupimia wa mita 2 uliochorwa alama kila sentimita 10 kwa rangi nyeusi na nyeupe. Fundi seremala atakukatia papi kwa bei ndogo.

Dumu la kutazamia. Chukua dumu la lita 5, kata kitako na upanue mdomo, kisha funika sehemu ya kitako kwa nailoni angavu na uifunge kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ukiikandamiza nailoni kidogo ndani ya maji na kuchungulia kwa juu, mng'ao na viwimbi vinatoweka na unaona hadi chini. Watoto wataligombania, kwa hiyo tengeneza matano.

Fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, ya waya mnene au ya bomba la plastiki. Kipimajoto. Kamba ya mita 10. Lenzi moja au mbili za kukuzia kama zipo. Penseli na daftari kwa kila mwanafunzi, na wino ubaki nyumbani, kwa kuwa unatiririka karatasi ikilowa.

Miguuni, raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kandambili zinavuka ndani ya matope, na mtoto anabaki peku juu ya mwamba. Wasichana waruhusiwe traksuti, pamoja na hijabu kwa wanaovaa. Nimeona wengi wakibaki nyuma mchangani kwa sababu tu sketi ya sare haiwaruhusu kuinama wala kuvuka maji. Kila mmoja awe na kofia na chupa ya maji ya kunywa.

Hatua ya 4: Somo la siku moja kabla

Usianze na picha za viumbe. Anza na swali hili: kwa nini bamvua hupwa saa 4 au 5 asubuhi kila mara, mwaka hadi mwaka? Watoto wa wavuvi watathibitisha kwamba ni kweli. Sababu wataitafuta wote.

Waache wahangaike, kisha waongoze hivi. Saa ya ukutani inafuata jua. Maji yanafuata zaidi mwezi, ndiyo maana kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50: Dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi umeshasogea mbele kidogo, na inabidi Dunia izunguke zaidi ili kuufikia. Lakini siku ya mwezi mwandamo, jua na mwezi viko upande mmoja wa Dunia, na siku ya mwezi mpevu vinakabiliana. Siku hizo mbili mwezi hufika katikati ya anga karibu na saa 6 mchana au saa 6 usiku. Pwani yetu hujaa muda wa takriban saa nne baadaye, yaani karibu na saa 10 alasiri na saa 10 usiku. Basi kupwa kunaangukia katikati: saa 4 na kitu, asubuhi na usiku.

Litoeni nje jambo hili, uwanjani. Mwanafunzi mmoja awe Dunia azunguke pale aliposimama. Mwingine awe mwezi, atembee polepole kumzunguka Dunia. Wa tatu awe jua, asimame mbali. Wanaotazama wapige kelele kila mara watatu hao wakiwa kwenye mstari mmoja, maana hiyo ni bamvua. Mwezi akiwa pembeni kabisa, wanyamaze: maji mafu.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo mwanafunzi mwerevu hakosi kuuliza. Jua ni kubwa mno kuliko mwezi, na mvuto wake juu ya Dunia ni mkubwa zaidi. Mbona mwezi ndio unaoshinda kwenye maji? Usilijibu siku hiyo. Liandike juu ya ubao na uliache lilale. Jibu lake lipo kwenye tofauti, si kwenye ukubwa. Maji huinuka kwa sababu upande wa Dunia ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi kuliko upande wa mbali. Mwezi upo kilomita 384,000 kutoka hapa, na kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,700, zaidi ya asilimia 3 ya umbali huo. Kwa hiyo tofauti kati ya upande huu na ule ni kubwa. Jua lipo kilomita milioni 150, na mbele ya umbali huo kipenyo cha Dunia hakifiki hata asilimia 0.01. Pande zote mbili huvutwa karibu sawa, na nguvu ya jua ya kuinua maji inabaki chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuzipiga hesabu hizi wenyewe. Wape umbali, usiwape asilimia.

Hatua ya 5: Usalama, kwa maneno machache yasiyosahaulika

Mtu mzima mmoja kwa kila wanafunzi kumi. Wahesabiwe wakishuka, katikati, na wakirudi.

Shukeni saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, myafuate yanavyotoka. Maji yakisimama, anzeni kurudi. Usiuvunje mpangilio huu hata kama pweza mkubwa kuliko wote ametokea dakika hiyo.

Konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la pia asishikwe na yeyote, hata akiwa mzuri namna gani. Huchoma kwa mshale wenye sumu, baadhi ya aina zake zimeua watu, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kanuni rahisi ni kwamba hakuna anayeokota kitu bila mwalimu au mwenyeji kukiona kwanza.

Yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ndiyo sababu ya viatu. Ndani ya maji buruzeni miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki aitwaye taa aliyelala kwenye mchanga aondoke kabla hujamkanyaga. Aliyechomwa na samaki yule anayefanana na jiwe au na taa aloweke mguu katika maji ya moto anayoyavumilia, kama nyuzi 45, na apelekwe hospitali huku maumivu yakitulizwa hivyo. Kwa hiyo chupa ya chai yenye maji ya moto iwe sehemu ya vifaa vyenu. Miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa kwenye mashimo ya mwamba huvunjikia mwilini. Iliyozama msiichimbe, mwachieni mhudumu wa zahanati.

Hatua ya 6: Ufukweni

Chomeka mti wa kupimia kwenye ukingo wa maji mara mnapofika, na wanafunzi wawili wausome kila dakika 10. Maji yakiuacha, wausogeze mbele na waandike. Wabadilishane zamu ili wote washiriki. Kazi hii inachosha kidogo, lakini ndiyo itakayozaa grafu.

Kisha simameni sehemu tatu tu. Mwalimu anayetaka kuonyesha kila kitu huwafanya watoto wakimbie, na anayekimbia haoni.

Kituo cha kwanza ni mchanga. Maji yanapotoka, mchanga tambarare hujaa vidonge vidogo mviringo, maelfu kwa maelfu, vikiwa vimepangwa kwa mistari inayotoka kwenye kitundu kimoja. Waulize: nani kavitengeneza? Utasikia kwamba ni mayai, ni kinyesi, ni mawimbi. Kila jibu lifuatishe na swali moja tu: umejuaje? Anayesema mayai apasue kimoja aone. Anayesema mawimbi aeleze kitundu. Usiseme ndiyo wala siyo.

Halafu wakae chini, duara, bila kusogea na bila kuongea. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, mtoto mmoja ataanza kucheka, mnyamazishe kwa kidole. Baada ya hapo mchanga wenyewe unaanza kutembea: vikaa vidogo, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba, vinachomoza kwenye vitundu, vinachota mchanga kwa magando, vinaupitisha mdomoni, na kidonge kinajiunda pale mdomoni hadi kinatupwa kando. Kaa amekula utando wa chakula uliogandamana na chembe za mchanga, na kidonge ndicho kilichobaki. Akimaliza hapa anasogea pale, ndiyo maana ya mistari. Mtoto mmoja akiinua mkono, wote wanazama mara moja, na mna somo jingine: wanaona, au wanahisi mtikisiko? Jaribuni. Mmoja apige ardhi bila kuinuka, mwingine apunge mkono bila kugusa chini.

Kituo hiki pekee kinaweza kula nusu saa. Kiache kile. Mtoto aliyegundua mwenyewe asili ya kidonge kimoja cha mchanga ameifanya kazi yote ya mwanasayansi: ameona, amebuni jibu, amelipima, na amekubali kubadili mawazo. Ukimtajia jibu tangu mwanzo, umempunja jambo ambalo huwezi kumrudishia.

Kituo cha pili ni dimbwi kwenye mwamba. Pimeni joto la dimbwi dogo lililopigwa na jua, kisha la dimbwi lenye kina, kisha la bahari yenyewe. Tofauti itawashangaza, na swali la nani anaweza kuishi wapi litakuja lenyewe. Wekeni fremu, mhesabu viumbe vilivyomo ndani yake. Kama yupo kaa anayeishi ndani ya gamba la konokono wa baharini, mweke kwenye ndoo yenye maji pamoja na magamba matupu mawili, moja kubwa kidogo kuliko lake na moja dogo. Mara nyingi atalisogelea lile kubwa, ataliviringisha na kuingiza gando ndani kulipima. Wakati mwingine huhama mbele ya macho yenu, na kwa nukta moja mnauona mwili wake laini uliojikunja. Mtoto aliyeliona hilo ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini magamba matupu hayabebwi nyumbani.

Kituo cha tatu ni majani ya bahari, karibu na maji yalipoishia. Hapa mna jongoo bahari na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota. Jongoo bahari msimbinye, akitishwa baadhi yao hutema nyuzi nyeupe zinazonata, na wengine hutoa matumbo yao nje. Waambie anapumulia sehemu ya haja. Watacheka, na hawatasahau. Kiti cha pweza mweke ndani ya ndoo yenye maji ya bahari, kichwa chini miguu juu, ingawa kichwa hana, wala ubongo. Tazameni kwa lenzi: mamia ya mirija laini yanachomoza chini ya mikono, kila mmoja unapapasa. Mkono mmoja unajikunja, mirija yake inashika kitako cha ndoo, halafu wa pili, na mwili mzima unageuka polepole. Wapime muda kwa saa. Kinachoisukuma mirija ile ni maji ya bahari anayoyaingiza mwilini mwake, kwa hiyo asikae nje ya maji. Akishageuka, arudishwe palepale alipotolewa.

Kama mwenyeji wenu ameona shimo la pweza, mpe nafasi aeleze. Mwanafunzi ambaye mama yake anachokoa pweza naye apewe nafasi, hata kama darasani hasemi kitu. Baadaye unaweza kuongeza kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa kuwa kinachobeba oksijeni ndani yake kina shaba badala ya chuma.

Ufukwe wenu hauna mwamba? Nendeni kwenye mikoko. Kila mwanafunzi alambe jani la mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, ulimi utamwambia kwamba mti huu hutoa chumvi kupitia majani. Chini yake, vimizizi vilivyochomoza kutoka kwenye matope ndivyo vinavyoupumulia, kwa sababu matope yale hayana hewa. Mkoko wenyewe huotesha mche ukiwa bado unaning'inia juu ya mama, kisha mche mrefu huanguka, huelea, na hujisimika mahali pengine.

Njiani mkirudi, mkipita ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe au magofu, simameni dakika tano. Mji Mkongwe, Lamu, Kilwa Kisiwani na kwingineko wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Tafuteni vishimo vidogo vyenye kingo za nyota kwenye jiwe. Kila kimoja kilikuwa makao ya mnyama mmoja.

Hatua ya 7: Siku inayofuata

Grafu kwanza. Muda uende chini, kimo cha maji kando. Wataona kwamba maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukadiria hivi: gawanya tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12, saa ya kwanza maji husogea sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya tatu peke yake ni sentimita 90. Kwenye ufukwe unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, maji yatakuwa yamesogea mita 90 ndani ya saa moja. Sasa wataelewa kwa nini uliwahimiza kurudi mapema.

Chukua lita 1 ya maji ya bahari mliyobeba, iache ikauke kwenye trei juani, na mpime chumvi kwenye mizani. Inakaribia gramu 35. Kama yenu imepungua au imezidi, tafuteni sababu: mto uliopo karibu, dimbwi mlilochotea, au mizani yenyewe.

Kisha maswali. Kila mwanafunzi aandike moja ambalo halijajibiwa, libandikwe ukutani. Yagaweni mafungu mawili: yale tunayoweza kuyajibu kwa kurudi ufukweni, na yale yanayohitaji kitabu au mtaalamu. Fungu la kwanza ndilo linalopanga safari ijayo.

Shule za bara zinaweza kufuata mpangilio huuhuu. Kichuguu baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka, kinatosha. Wawili wawili hukata mbawa zao na kufuatana chini. Kwa nini wanazikata? Kaeni, tazameni, na mwalimu anyamaze.

Mwisho, fungueni daftari moja la darasa: tarehe ya safari, umri wa mwezi, kimo cha maji kila dakika 10, joto la kila dimbwi, na idadi ya viumbe ndani ya fremu mahali palepale mlipopatia alama. Majina ya viumbe yaandikwe kama wenyeji wanavyoyasema. Darasa likihitimu, daftari likabidhiwe kwa linalofuata, pamoja na mti wa kupimia na yale madumu, na tarehe ya bamvua ijayo iwe imeshaandikwa kwenye ukurasa mpya.